Wazazi Waliokwama Chimala

Siku mliyoniaga mlinipa kipaza sauti, kikapiga mluzi, nikasema "asanteni sana" nikakaa. Nikaona baadhi yenu mmesikitika, maana mlishajiandaa kwa hotuba. Sasa nipo Iyunga kwa binti yangu Faraja, malori yanapita kutwa kucha, kazi sina, basi acha niandike yale ambayo ningeyasema kama kile kipaza sauti kingekuwa na adabu. Vyeo na mishahara siandiki. Hayo yamo kwenye faili, na faili lenyewe halina hata sehemu moja ya kuchekesha. Nitaandika habari za trauti, wale samaki wa maji baridi, za Mzee Ambakisye aliyenifundisha kuwashika, na za siku ile ya Chimala ambayo mmeisikia nusunusu, tena kutoka kwa dereva Mgaya, mtu ambaye hajawahi kusimulia jambo bila kulitia chumvi.

Mimi ni mtu wa Igowole. Kwetu tulipokuwa wadogo samaki alikuwa dagaa, na dagaa mwenyewe alikuwa wa gunia, mkavu, katoka mbali. Samaki mzima anayekutazama nilimwona mara ya kwanza siku niliyoanza kazi kwenye mabwawa ya Mufindi, kule kwenye ukungu, mkondo unapotoka msituni na kushuka kandokando ya chai. Nilikuwa nimevaa sketi ya kanisani na viatu vya kisigino kifupi. Mzee Ambakisye, ambaye wakati huo hakuwa mzee ila tulimwita hivyo kwa ukali wake, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Karibu mwanangu," akasema. "Harusi iko wapi?" Kisha akanipa mabuti ya mpira ya kiume, yamenizidi, ndani yana unyevu wa mtu mwingine.

Yeye alikuwa Mnyakyusa aliyekulia Isyonje, kwenye milima ya Poroto juu ya Mbeya, na baridi ya Mufindi aliiona ya kawaida tu. Somo lake la kwanza lilikuwa mikono. Aliniambia niiloweke kwenye mkondo mpaka aseme basi. Nikaloweka. Vidole vikafa ganzi, meno yakaanza kugongana, yeye anapanga mabeseni yake taratibu kana kwamba mimi sipo. Nilipotaka kuitoa akasema, "Bado ya moto hiyo. Mkono mkavu wenye joto, kwa trauti ni pasi ya mkaa. Unamtoa ute wake, na ute ndio nguo yake." Nikamchukia siku hiyo, nasema ukweli. Lakini mpaka nastaafu sikuwahi kumshika mmoja kwa mkono mkavu, na ninyi nimewaona, mnajifuta kwenye suruali halafu mnachota.

Somo la pili alinipa kwa panzi. Alimkamata kwenye nyasi akamrusha pale maji yanapoingia bwawani, penye jiwe moja kubwa. Mimi niliona maji na jiwe, basi. Ghafla kitu kikachomoka nyuma ya jiwe, ubavu una mstari mwekundu unaong'aa, panzi akapotea, maji yakatulia. Niliruka nyuma nikakanyaga beseni. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. "Umemwona? Anakaa kichwa kinaelekea maji yanakotoka, anasubiri chakula kiletwe. Huyu hafugwi kama kuku. Huyu ni mwindaji, sisi tumemfungia uani tu." Ndiyo maana tulikuwa tunawachambua kwa ukubwa mara kwa mara, maana wakiwekwa pamoja wakubwa na wadogo, baada ya muda unakuta wakubwa peke yao, wameshiba, na hawana habari na mtu. Jirani yetu mmoja wa usharika alipolisikia hilo akasema samaki hao hawajaokoka.

Msimu wa baridi ukikaribia, mwezi wa sita kwenda wa saba, ndipo tulipokamua. Mama yangu nilipomwambia tunakamua samaki, alitoka kwenda kuwatangazia majirani. Jumapili baada ya ibada mama mmoja akanivuta pembeni akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo mwanangu, maziwa yake mnapeleka wapi?" Nikamweleza yote. Kwamba unamshika jike aliyeiva ndani ya taulo lililolowa, unapitisha kidole gumba tumboni taratibu kuelekea mkiani, mayai yanatoka yana rangi ya papai lililoiva. Kwamba beseni lazima liwe kavu kabisa. Kwamba juu ya mayai unakamulia mbegu ya dume, unachanganya kwa unyoya wa kuku, na maji unatia mwisho, kwa sababu tone la maji likitangulia yai linajifunga na mbegu haipiti tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, mama wa watu, akitikisa kichwa. Halafu akasema, "Kumbe hakuna maziwa," akaenda zake.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na vingine vya kujitengenezea. Kifaa nilichokipenda ni reki ya mti ya kusafishia wavu wa kuingizia maji. Majani ya msituni yalikuwa yanaziba wavu ule wakati wowote yakijisikia, na trauti hangoji. Maji yakisimama naye anaanza kwenda mbele za haki. Nilikuwa natoka katikati ya chakula, katikati ya mazungumzo, mara moja nilitoka katikati ya posa ya mdogo wangu, wageni wamekaa, mimi nakimbilia wavuni. Shangazi yangu hajanisamehe.

Lakini somo lililokuja kutuponza lilikuwa la ulimi. Katika kila kizazi Mzee alikuwa anachagua majike na madume wachache wa kuendeleza ukoo, wenye afya, wasioshtuka ovyo, waliovumilia mwaka wa maji machache. Hao walikaa bwawa la juu kabisa, wanapata maji ya kwanza, na ilikuwa marufuku kuwaita samaki. "Ukisema samaki, mtu anauliza kilo shilingi ngapi," alisema. "Hao sema wazazi." Tukazoea. Asubuhi tunaulizana, wazazi wameamkaje? Wazazi wamekula? Wazazi leo wamenuna. Mgeni akipita anadhani tunatunza wazee. Ninyi neno hilo mmelikuta kwenye vitabu vya chuo, mnalitaja bila kufikiri. Sisi tulilipata kwa kugombezwa. Na Mgaya alipoajiriwa kuwa dereva wetu, mimi ndiye niliyemgombeza mpaka likamkaa.

Miaka ikaenda. Mzee Ambakisye akastaafu, akarudi kwao Isyonje, miguu imeanza kumkataa. Mimi nikabaki na wazazi wake. Nasema wake kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ukoo ule aliuchagua yeye, mmoja mmoja, maisha yake yote ya kazi. Alikuwa ananipigia simu, salamu ya kwanza inawahusu wao, ya pili ndiyo yangu. Na maji ya mkondo wetu yakaanza kupungua. Wengine walisema ni miti, wengine mashamba mapya huko juu, wengine wakasema mvua zimegoma. Mimi nilichokiona ni kipimajoto kinapanda kidogo kila mwaka, na wazazi wanasogea karibu zaidi na mlango wa maji, wamebanana, midomo wazi. Ukiwaona hivyo huwezi kula chakula chako kikashuka.

Mwishowe ukaja uamuzi kwamba mabwawa yafungwe. Kule Isyonje kulikuwa na kituo kidogo kipya, mkondo wake unatoka mlimani, baridi kama zamani, na vijana wawili watatu wa kazi ambao baadhi yao ndio ninyi. Tatizo wazazi walikuwa wamekaribia kuiva. Samaki mwenye mayai hasafirishwi. Hilo kila mtu anajua. Lakini wiki ile maji yaliyoingia bwawa la juu yalikuwa kama ya bomba lililosahauliwa kufungwa. Nikampigia Mzee. Nikamweleza yote.

"Waliobaki ndio hao tu?" akauliza.

"Ndio hao tu, Mzee. Mahali pengine hakuna."

"Basi niletee wazazi wangu," akasema. "Wakifa njiani wamekufa wakija. Hapo watakufa wamekaa."

Tukawafungisha kula ili wasichafue maji njiani. Tukawapakia alfajiri kwenye tangi la plastiki, yale ya kuvunia maji ya mvua, juu ya lori dogo, tumelifunika turubai. Pampu ya hewa ilikuwa inatumia betri ya gari, mipira yake inashuka ndani ya tangi, mwisho wake kuna vijiwe vya kutawanyia mapovu. Mpango ulikuwa rahisi. Toka Igowole mpaka Makambako ni baridi, hapo huna wasiwasi. Hatari ni kule chini, ukishashuka Igawa unaingia kwenye joto la bonde, Chimala yote, mpaka uanze tena kupanda kuelekea Uyole. Tulitaka tuipite Chimala jua halijachangamka.

Makambako tukakuta lori la mbao limelala barabarani, limeziba njia yote, na foleni ndefu mpaka mahindi ya kuchoma yameshaanza kuuzwa katikati yake. Tukakaa. Jua likapanda. Mgaya akashuka, akatazama mbele, akarudi. "Mama Faraja," akasema, "hapa tutafika na mchuzi." Nikamwambia akirudia kauli hiyo atashuka aende kwa miguu. Nilikuwa juu ya lori, mkono ndani ya tangi, nasikiliza maji kwa vidole.

Njia ilipofunguka Mgaya alikimbiza, na mimi, ambaye kila siku nilimkataza, sikusema neno. Tukaingia Chimala saa sita. Pale karibu na wauza mchele, mkanda wa feni ukakatika. Injini ikachemka, moshi ukatoka, gari likajisogeza pembeni likafa. Pampu ikaendelea kwa betri, mapovu mengi, kisha machache, kisha moja moja. Halafu hakuna.

Nikavua sweta nikaanza kuchota maji ya tangi kwa sufuria na kuyamwaga humohumo kutoka juu, yapate hewa. Ukifanya hivyo bila kupumzika unawapa dakika, huwapi saa. Yule jike mkubwa kuliko wote, tumbo limejaa, alishaanza kulala ubavu. Nikasikia Mgaya yuko chini kwenye simu, anapiga kelele: "Shemeji! Nimekwama hapa kwa wauza mchele! Nina wazazi kwenye gari, hewa imekata, wanakufa! Tafuta msaada shemeji, wahi!" Sikujali. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye sufuria.

Shemeji yake huyo, mke wa kaka yake, anaitwa Mama Upendo, anauza mchele palepale sokoni. Mnajua mtu wa kawaida akisikia wazazi, gari, hewa imekata, anaelewa nini. Wodi ya wazazi si ipo kila hospitali? Yeye alielewa kwamba kuna gari la wagonjwa limebeba wanawake wa kujifungua, wanapelekwa Mbeya, limeharibika juani. Akaacha mchele wake wazi, akakimbia zahanati.

Cha kwanza kufika ilikuwa bodaboda, nyuma amekaa nesi amekumbatia begi, sare nyeupe, kandambili; hakupata hata muda wa kubadili viatu. Jina lake Atupele. Nyuma yake wanawake wa sokoni, sijui wangapi, na khanga mabegani, na chupa za chai, mmoja kabeba beseni, wanaume wawili wameinua godoro kichwani. Mimi nikadhani ni Mgaya ameita watu wa mifugo. Nesi akapanda lori kama askari, akaingiza kichwa chini ya turubai.

"Wazazi wako wapi?"

"Hawa hapa ndani, dada. Majike ndio wamezidiwa zaidi."

Akanikata jicho. Baadaye aliniambia alifikiri, huyu mama wa bara gani anawaita wanawake wenzake majike. Lakini alikuwa kazini, akameza.

"Uchungu umeanza lini?"

"Uchungu wa nini?"

"Mama, nijibu haraka. Chupa imeshapasuka?"

"Hatukubeba chupa," nikamwambia, na mimi nimeanza kukasirika, "tumetumia tangi."

Akageuza kichwa polepole, akalitazama tangi. Akachungulia. Sijui niseme alikaa hivyo muda gani, wanawake chini wanauliza, "Vipi nesi? Vipi?" Akainuka akaniambia, hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, "Samaki."

"Ni wazazi," nikasema. Mdomo ulitangulia.

"Nimeacha kliniki imejaa akina mama wamekaa chini. Nimemwacha mtu na sindano haijachomwa. Kwa ajili ya samaki?"

Mgaya akaanza kujieleza toka chini, "Mimi nimekatazwa kusema samaki, mama huyu ndiye kanikataza, muulizeni," na watu wakaanza kucheka, na mimi nikaanza kulia. Sikulia kwa aibu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimesimamisha sufuria, na jike yule alikuwa amegeuka tumbo juu. Nikaendelea kuchota huku nalia, makamasi yanatoka, sina mkono wa kujifuta. Nikamwambia nesi kwamba kuna mzee anawasubiri mlimani, kwamba ni hawa tu waliobaki, kwamba samahani, aende kwa wagonjwa wake.

Mama Upendo akawa ameshapanda, yeye na mwili wake, lori likainama. Akachungulia tangini. "Mbona huyu ana tumbo?" akauliza.

"Ana mayai. Zimebaki siku chache akamuliwe."

"Kwa hiyo ana mimba?"

"Tuseme hivyo."

Akawageukia wenzake akasema kwa sauti ya kuuzia mchele, "Jamani, hakuna aliyedanganya hapa! Ni wazazi kweli, wote wana mimba! Leteni maji!"

Weee! Mimi nimefanya kazi na watu wengi, lakini watu wa Chimala siku ile niwaeleze vipi. Waliokuwa na bodaboda wakaenda mtoni, pale maji yanaposhuka kutoka mlimani, wakarudi na madumu. Nikayapima, yalikuwa baridi kuliko ya tangi, tukawa tunapunguza ya zamani tunaingiza mapya kidogokidogo. Mwenye duka la soda akatoa chupa za maji yaliyoganda, tukaziacha zielee juu. Zile khanga zilizoletwa kuwastiri akina mama zikaloweshwa, zikatandazwa juu ya tangi lote, moja nakumbuka ilikuwa mpya kabisa, pindo zake bado hazijashonwa. Godoro lilisimamishwa upande wa jua. Wenye godoro walilishikilia pale mpaka tunaondoka, na walikuwa wanabishana habari za mpira muda wote.

Nesi Atupele hakuondoka. Alikuwa amekwishatia mguu mmoja kwenye bodaboda, akaushusha. "Mtungi wa hewa wa zahanati usiutazame," akaniambia, "huo ni wa watu, siutoi hata uimbe." Nikamwambia sijaomba. "Lakini fundi wa kuchomelea ana mtungi pale. Nyie hewa yenu lazima iwe ya hospitali?" Haikuwa lazima. Fundi akauviringisha mtungi wake mpaka kwenye lori, nikaunga mpira wetu kwake, tukafungulia kidogo sana. Mapovu yakatoka kwenye vijiwe, madogomadogo, mengi. Nesi alikuwa ameinama karibu yangu, ameshika kingo za tangi. Mmoja akafumba mdomo, akajinyoosha. Kisha mwingine. Wakaanza kugeuza vichwa upande mmoja. Nesi akanishika bega akalibana.

Yule mkubwa peke yake ndiye hakukaa sawa. Nilimshikilia wima mbele ya mapovu, mikono yangu imeshapata baridi inayofaa. Nesi akaingiza mkono wake naye, nikamzuia, nikamwambia aloweke kwanza. Akaloweka bila ubishi.

"Huyu atapona?" akauliza.

"Sijui."

"Ukifika utanipigia."

"Nitakupigia."

"Si la kuniridhisha hilo, mama. Nisikilize." Akatazama barabara. "Mimi nikimpa mzazi rufaa ya Mbeya, nampandisha kwenye gari, nafunga mlango, basi. Hakuna anayerudi kuniambia. Wanaopona wana furaha zao, wananisahau. Wasiopona, ndugu zao watanitafuta wa nini? Miaka yote hii sijui. Nyie mmenitoa kliniki, nyie mtaniambia." Akaandika namba yake mkononi mwangu kwa peni, juu kidogo, pasipolowa.

Mgaya akafunga mkanda mpya alioutafuta sokoni, watu wakasukuma gari likawaka, fundi akatuazima mtungi wake twende nao, akatuambia tuurudishe tukishuka. Hatukujuana. Tukaondoka na khanga za watu juu ya tangi, wanawake wanapunga mikono, Mama Upendo ndipo anakumbuka mchele wake.

Isyonje tulifika jua linakaribia kuzama, baridi imeanza kuuma, nikaishukuru. Mzee Ambakisye alikuwa amekaa kando ya mkondo kwenye kigoda, fimbo chini, mikono ndani ya maji. Nilimsalimu kwa Kinyakyusa, "Ndaga, Mzee," akaitikia bila kunitazama. "Wangapi hai?" Wote, ila mmoja kazidiwa, nikamwambia. Tukawahamisha mmoja mmoja, wakaingia kwenye maji yale, wakageuza vichwa mlimani, na Mzee anawataja wanavyopita, huyu bibi yake alikuwa hivi, huyu mkorofi. Nikambakiza yule mkubwa mwisho. Nilimletea kwenye taulo. Akampapasa akajua palepale. "Huyu anaondoka," akasema. "Beseni. Kavu. Haraka, mwanangu."

Mmoja wenu alilifuta beseni, anajua mwenyewe. Mzee akamkamua pale alipokaa, kidole gumba polepole, anamwambia maneno ya Kinyakyusa ambayo sikuyaelewa na sikuuliza. Mayai yakajaa. Mimi nikashika dume. Alipomaliza jike alikuwa ameshakufa mikononi mwake, akamfunika kwa kona ya taulo, na machozi yakawa yanamdondoka kwenye mabuti. Akaniambia nisogeze beseni, yasije yakaingia kwenye mayai.

Majuma yaliyofuata nilibaki Isyonje. Nilikuwa natoa mayai yaliyokufa kwa kibanio, moja moja, yale yanayogeuka meupe, nikiogopa kila asubuhi kukuta trei nzima nyeupe. Haikuwa nzima. Siku moja vijana wakaniita, na kwenye trei kulikuwa na vijisamaki visivyo na umbo bado, macho tu na mkia na kifuko cha chakula tumboni, vinatetemeka. Mzee tulimpelekea vichache kwenye beseni nyumbani kwake kwa sababu siku hiyo miguu ilikuwa imekataa kabisa. Alivitazama mpaka chai yake ikapoa.

Ndipo nikampigia nesi. Nilikuwa nimeahirisha mara nyingi, kwa sababu sikutaka kumpa habari nusu. Akapokea, nyuma yake nasikia watoto wachanga wanalia na mtu anaitwa jina.

"Nesi, ni mimi. Yule wa tangi."

"Niambie."

"Wale wengine wote wapo, wanakula. Yule mkubwa hatukuweza kumwokoa, alitufia tulipofika. Ila watoto wapo."

Nikasikia mlango unafungwa, zile sauti za nyuma zikapungua.

"Watoto wake yeye?"

"Wake yeye. Wamejaa, hata kuhesabu siwezi."

Nilitegemea acheke. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiandaa kucheka, kwa vile kisa chenyewe tangu mwanzo kilikuwa cha kuchekesha. Hakucheka. Alivuta pumzi, akaniambia kwa sauti ambayo bila shaka humwambia nayo bibi anayetoka wodini amebeba mjukuu bila binti yake:

"Poleni sana, mama. Na hongereni."